Ukurasa wa Nondo na Mama

Siku ya kwanza nilipomfungulia mlango wa gari nilimwambia, "Karibu, mama." Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani, wa pili bado uko nje. Akasimama hivyo hivyo.

"Mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko Mombasa."

"Basi neno hilo lina mwenyewe. Mie niite Mwalimu."

Ndivyo nilivyomwita miaka yote, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina analo, na ukoo wake wanaujua Waunguja wa Jeddah, ambao ukiwapa kikombe kimoja cha kahawa watakutajia mpaka babu wa saba. Mimi nilikuwa dereva wake tu. Dereva hajui nasaba ya mtu. Anajua anavyokohoa asubuhi, anavyosema simu ikimkatikia, na ni nyumba gani ambayo akiipita hugeuza uso. Kitu kimoja tu cha ukoo wake alinieleza mwenyewe: kwamba aliletwa Jeddah na shangazi yake, pamoja na ndugu zake wawili, baada ya mapinduzi ya Unguja, akiwa na miaka mitano, na kwamba mama yake alibaki kule. Hawakuonana tena.

Alikuwa amefundisha Kiingereza shule za wasichana maisha yake yote, na nilipomkuta alikuwa amestaafu lakini hajaacha. Hakuwa na mume tena, na mtoto hakupata. Aliishi Al-Baghdadiyah, katika fleti ya ghorofa ya tatu juu ya duka la taa, na kila siku alikuwa na mahali pa kwenda: kwa wanafunzi wa nyumbani, kwa daktari wa magoti, sokoni, tena kwa wanafunzi. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, kwenye karatasi alikuwa mdogo wake wa kiume aliyeishi Riyadh. Huyo nilimwona mara tatu. Lililokuwa likienda ni neno la Mwalimu.

Alinichukua mimi, alisema, kwa sababu alitaka mtu wa kusema naye Kiswahili. Lakini kila nilipofungua mdomo alinisahihisha. Sisi Mombasa tukimwita mtu twamwambia "ndoo". Yeye hakuweza kulivumilia. "Ndoo ni ya kuchotea maji, mwanangu. Sema njoo." Nami nikamjibu kwamba Kiswahili kilizaliwa kwetu, wao Unguja walikipokea kikiwa kimeshapikwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Utani ulikuwa halali kati yetu, ilimradi gari linakwenda. Likisimama, alikuwa bosi.

Mkobani alikuwa na daftari la jalada gumu, na nyumbani kamusi ya Kiingereza ya zamani, nzito kama tofali, aliyoinunua kwa mzee mmoja wa mitumba alipokuwa msichana. Aliwahi kunionyesha ukurasa uliomfanya aanze kuandika daftari lile. Alisema alikuwa na miaka kumi na minne, amejifungia chooni shangazi asimwone, akilitafuta neno *mother*. Akapitisha kidole chini polepole. Kabla hajalifikia akakuta *moth*, nondo, yule mdudu wa nguo.

"Nikaona ajabu," alisema. "Nnamtafuta mama, nnapokewa na nondo."

Tangu hapo akawa anakusanya maneno ya kale ya Kiingereza ya hao wawili, mama na nondo. Si maneno ya mtihani. Yalikuwa maneno yaliyokwisha kutumika, au yaliyobaki huku yamesahau yalikotoka. Barabara ya Corniche ikiziba, nami nimeshika usukani sina pa kukimbilia, alinifundisha. Hivyo nikajua kwamba mkunga wa Kiingereza, *midwife*, maana yake ya kale ni aliye pamoja na mwanamke, basi, hakuna uganga wowote ndani yake. Nikajua kwamba *foster*, tunayoisikia kwa watoto wa kulelewa, zamani ilikuwa ni chakula tu: mama mlezi ni yule anayekulisha. Nikajua kwamba mahali fulani huko Uingereza nondo waliitwa wasaga unga, kwa sababu ukimshika anakuachia vumbi vidoleni. Na kwamba watu wa kale waliposema *moth* hawakumkusudia sana huyu anayeruka, walimkusudia yule funza anayetafuna.

"Na walikuwa na haki," alisema. "Nondo wa nguo akishakuwa mkubwa hali kitu. Hana mdomo wa kulia chakula. Anatafuta pahala penye chakula cha watoto, anataga, anakufa. Kula wanakula wanawe."

"Kama mama," nikasema, nikidhani nimejibu vizuri.

"Usiwe mwepesi wa kufananisha. Mie nnakwambia habari za mdudu."

Sababu ya kuwajua wadudu vizuri namna ile ilikuwa shali. Alikuwa na shali ya sufu, rangi ya komamanga lililoiva sana, ambayo mama yake alimfunga nayo kiunoni siku ya kuondoka Unguja. Ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila Alhamisi asubuhi alinikabidhi hiyo shali kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto mchanga, nami nikapanda nayo juu ya paa, nikaianika kwenye kamba kati ya madishi ya satelaiti, nikaikung'uta, nikaigeuza, nikaikung'uta tena. Yeye alisimama mlangoni pa ngazi akihesabu. Haikuruhusiwa kukaa juani zaidi ya nusu saa wala kupungua. Nilimuuliza kwa nini asiweke vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, afunge sanduku, apumzike. Alisema vidonge ni vya watu wavivu. Nguo ya sufu hailindwi kwa kufungwa, inalindwa kwa kufunguliwa, kwa sababu nondo anapenda pale pasipoguswa.

Hiyo ndiyo hekima yake niliyoisikia mara nyingi kuliko zote. Nitaeleza baadaye alivyoivunja mwenyewe.

Watu wakisikia namsifu Mwalimu hudhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, alikuwa mkaidi, na alikuwa mwongo wa simu. Mtu akimpigia kumuuliza yuko wapi, yeye yuko kitandani na chai mkononi, alijibu kwa sauti ya mtu aliyeshika mlango, "Tuko njiani, yalla, yalla." Kisha ananiambia mimi kwamba kusema kweli ndiyo adabu ya kwanza ya lugha. Aliipenda Uingereza ya kwenye kamusi tu. Mwanafunzi wake mmoja alimtumia mwaliko wa kwenda London wiki mbili, kila kitu tayari, akakataa. Alisema watu wa siku hizi wa kule hawayajui maneno yao.

Miaka hiyo mambo yalikuwa yakibadilika kila tukiamka. Sinema zikafunguliwa. Akaenda mara moja, akasinzia, akatoka analalamikia baridi ya kiyoyozi. Muziki ukaanza kusikika mikahawani. Abaya za rangi zikajaa madukani, naye akaendelea na nyeusi. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, sisi madereva tulikaa nje ya maduka tukitazamana kama watu waliosikia msiba wa jirani. Nilimuuliza waziwazi kama nianze kufunga virago. Alinitazama kwenye kioo.

"Mie niendeshe? Nikishika usukani, nje atatazama nani?"

Nilifurahi. Siku ile sikufikiri kwamba furaha hiyo ilikuwa pia kufuli.

Mkataba wangu ulisema baada ya miaka miwili nina likizo ya kwenda nyumbani. Miaka miwili ilipotimia nikamkumbusha. Akasema, "Baada ya mitihani, mwanangu, wasichana wangu watapotea." Mitihani ikaisha. Akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, goti likamzidi. Hakuwahi kusema hapana. Angesema hapana ningegombana naye, yangekwisha. Yeye alikuwa na "baada", na "baada" haina mwisho.

Nyumbani mama yangu alikuwa na sukari, na sukari ilikuwa inamla macho. Kila Ijumaa nilimpigia. Mwanzo aliniambia taa zina ukungu. Baadaye akaniambia hasomi tena nambari za simu, anabonyeza kwa mazoea. Halafu ikawa kila nikipiga ni maneno yale yale: "Ndoo, mwanangu. Ndoo nikuone nami nikali naona."

Hakutaka zawadi wala fedha. Alitaka anione uso kabla macho hayajafunga, nami nilitaka nionwe. Niliondoka nywele nyeusi, sasa zilikuwa zimeanza mvi pembeni, na hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuziona isipokuwa yeye.

Mwaka wa tatu Mwalimu aliitwa Riyadh kusaidia kuwafundisha walimu wapya wa Kiingereza. Ilikuwa heshima, akakubali kabla simu haijakatwa. Shali hakuichukua. Alisema Riyadh ina vumbi na nyumba ya mdogo wake ina mazulia ya sufu kila chumba, atakuwa anaipeleka kwa adui. Tuliteremsha sanduku tukalipeleka Ruwais, kwa wifi yake, mjane wa kaka mkubwa. Hapo ndipo alipofanya kosa. Alimwona wifi yake ana mikono ya mafuta ya samaki, akaona wajukuu wa jirani wanaingia na kutoka, akafikiria shali ikianikwa na mtu asiyejua kuhesabu nusu saa. Akaingia dukani, akanunua vile vidonge vyeupe alivyokuwa akivitukana, akamwaga pakiti nzima, akafunga sanduku kwa kufuli, akatia ufunguo mkobani.

"Na Alhamisi?" nikamuuliza.

"Ni miezi mitatu tu," akasema.

Tukaenda Riyadh. Miezi mitatu ikawa sita, halafu likaja gonjwa, barabara zikafungwa na ndege zikatulia chini. Mwalimu alifundisha kwenye skrini akiwa amevaa abaya juu na viatu vya nyumbani chini. Mimi nilikaa chumba cha dereva, nje ya geti, nikasikiliza mama akiniambia kwamba sasa anamjua mtu kwa umbo, si kwa uso. Safari hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Dunia nzima ilikuwa imefungwa, na nakiri nilipata nafuu ya ajabu kuona wakubwa nao hawaendi popote.

Mambo yalipofunguka, watu wakaanza kusema kwamba mfanyakazi ataweza kusafiri bila idhini ya kafili. Nilishangilia mpaka mwenzangu mmoja akanieleza taratibu kwamba ni wafanyakazi wa makampuni tu. Sisi wa majumbani, madereva na mayaya, hatumo. Mafi, hakuna.

Mwalimu alikuwa ameanza darasa la Ijumaa sebuleni kwa mdogo wake, la wanawake wa Kikenya na Kiganda waliofanya kazi majumbani na waliopewa saa mbili za kupumzika. Hakutaka malipo. Nami nilikaa kwenye korido, mlango ukiwa wazi, ili niwarudishe wakimaliza. Ijumaa moja aliwafundisha neno alilolipenda kuliko yote daftarini. Neno lenyewe ni *mothering*. Akawaeleza kwamba zamani Uingereza wasichana wa kazi na vijana wa ufundi walitawanyika majumbani mwa watu, mbali na kwao, lakini ikifika Jumapili moja katikati ya Kwaresima kila bwana na kila bibi alipaswa kuwaachilia waende wakawaone mama zao. Walibeba keki, na njiani walichuma maua. Mtu akiwauliza waendako walijibu kwa neno hilo moja, kana kwamba kumwona mama ni kazi kama kulima.

Alieleza vizuri sana. Sauti yake ilitetemeka kidogo kwenye maua. Mwanamke mmoja wa Bungoma, mnene, mcheshi, ambaye huko nje tulimwita Auntie, akauliza.

"Mwalimu, so hata kama madam amekataa, hiyo siku lazima akuachilie?"

"Lazima. Ilikuwa desturi. Bibi asiyemwachilia mjakazi wake watu walimsema."

"Ni poa. Sasa mimi niko na swali. Huyu driver wako ako hapo korido, yeye alienda kuona mathe yake lini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini taratibu.

"Anajua mwenyewe," Mwalimu akasema.

"Hapana, Mwalimu, wewe ndiye unajua. Ako na miaka tano. Mathe yake anapofuka, alituambia kwa gari. Usikasirike, mimi nauliza tu, kwa sababu umesema watu walikuwa wanamsema huyo bibi."

"Somo limekwisha," akasema Mwalimu. "Halas. Yalla, madam zenu wanangoja."

Wahenga walisema mganga hajigangi, na mara nyingi tunalisema kwa kucheka. Njiani kurudi kutoka kuwashusha sikucheka, wala sikumshukuru Auntie, kwa sababu nilidhani amenifukuzisha kazi. Mwalimu hakuzungumza nami siku tatu isipokuwa kulia, kushoto, simama.

Wiki chache baadaye kazi ya Riyadh ikaisha, tukarudi Jeddah. Safari ya siku nzima hakugusa daftari. Tulipoingia mjini hakutaka kwenda kwake, alitaka Ruwais kwanza. Wifi yake akatupokea, akatuletea sanduku barazani. Lilikuwa limepata kutu kidogo pembeni. Mwalimu akatoa ufunguo.

Vile vidonge vilikuwa vimeyeyuka vyote, imebaki harufu. Vipepeo vidogo rangi ya majani makavu vikatoka, vitatu, vinne, vikaruka ovyo. Nikaiinua shali kama nilivyofundishwa, kwa mikono miwili, nikauona uso wa wifi yake upande wa pili. Haikuwa na matundu tu. Katikati ilikuwa imebaki nyuzi, kama wavu uliosahauliwa. Funza weupe walikuwa bado kazini kwenye pindo.

Nilitaraji kilio. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka mkono ndani ya tundu moja, vidole vikatokea ng'ambo.

"Haikuliwa na nondo," akasema. "Niliifungia mwenyewe."

Kisha akaomba chai. Alipoimaliza, bila kunitazama, akasema, "Mama yako bado anaona?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Utakwenda."

Kama angeishia hapo, ningekuwa naandika hapa habari za mtu mwingine kabisa. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Aliamua kwamba mimi siwezi kuondoka kabla hajapata leseni, ili nisiondoke nikiwa na wasiwasi naye, na ili ijulikane kwamba ameniachilia kweli. Alikuwa na miaka sitini na ushei. Shule ya udereva ya wanawake ilikuwa na foleni ndefu. Nilimwambia kuna magari ya kuita kwa simu, dakika tano yako mlangoni. Akasema hapandi gari la mtu asiyemjua mama yake. Nilitaka kumwambia kwamba hata mama yangu mimi hamjui, nikameza.

Basi alfajiri nilimpeleka kwenye uwanja mtupu wa maegesho karibu na bahari, nikashuka kushoto, penye usukani, nikahamia kulia. Aliendesha kama anayesoma kamusi, kila kitu kwa zamu. Kioo. Mkanda. Bismillahi. Kioo tena. Paka akipita mbali alisimama kabisa na kumsubiri amalize shughuli zake. Nilicheka, naye akacheka, na nilimpenda sana asubuhi zile, lazima niseme. Lakini kila tuliporudi nilihesabu siku. Mtihani wa kwanza aligonga koni. Wa pili akaahirishiwa. Wa tatu akapita. Miezi minne ilikuwa imekwisha.

Siku niliyoondoka alinipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, kwa mwendo wa maandamano ya maziko, watu wakitupigia honi. Mlangoni nikamuuliza nimletee nini.

"Sitaki kanga, sitaki halua. Atakapokuona, sikiliza neno lake la kwanza. Uniletee hilo."

Nilifika nyumbani Kisauni wakati wa adhuhuri. Dada yangu alikuwa ametoka kununua nazi, mlango uko wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, uso ameuelekeza kwangu moja kwa moja, macho wazi. Nikasimama pale kizingitini ili anitazame vizuri. Nilitabasamu. Nilivua hata kofia, aone mvi.

"Ni nani huyo angiaye na viatu?" akasema kwa ukali.

Nikabaki nimesimama. Sikuelewa mara moja.

"Nauliza ni nani? Nyumba imepigwa deki hii."

"Ni mie, mama."

Mengine ya siku hiyo ni yangu. Alinisoma uso kwa vidole, akazipata mvi mwenyewe, akanicheka. Usiku, tukiosha vyombo, dada alinieleza kwamba mwanga wa mwisho ulimtoka kabla ya Ramadhani. "Ungalikuja mwezi wa pili angalikuona," akasema, kisha akajuta kusema.

Niliporudi Jeddah, Mwalimu alikuwa amekaa na daftari tayari, kalamu mkononi. Kama mwanafunzi anayesubiri imla. Nilimpa maneno yale kama yalivyokuwa, kwa Kimvita chake, na jinsi nilivyojibu. Akayaandika. Midomo yake ilianza kutabasamu kwa hiyo *angiaye*, nikaona anataka kunitania. Halafu kalamu ikasimama.

"Hakukuona?"

"Hakuniona, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Ilikuwa rahisi kuhesabu, na alihesabu. Alihesabu mpaka akafika kwenye ule uwanja wa maegesho, mimi na yeye na paka.

"Mie nilikuchelewesha," akasema. "Nilikuwa nnakupa zawadi, nikakuchelewesha kwayo."

Uungwana ulitaka niseme la hasha, ni majaaliwa. Sikusema. Nilikuwa na hasira naye, na niliona ni haki aione. Nilimwomba anihamishe kwa kampuni moja ya mizigo iliyokuwa ikitafuta madereva, akampigia mdogo wake siku hiyo hiyo, na karatasi zikaisha kwa wiki. Aliniaga mlangoni. Tulipeana mkono kama watu waliokutana ofisini.

Kwenye kampuni likizo yangu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikwenda nyumbani mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena nilikwenda nikamzika mama. Nilikuwa pale, nilimshika kichwa, nashukuru. Mwalimu nilimtumia salamu za sikukuu, naye akanijibu, na mara mbili tatu akanitumia neno la kale bila maelezo, kama zamani barabara ikiziba. Kwake sikwenda. Msiba nilimjulisha kwa ujumbe mfupi, akanijibu kwa dua ndefu ya Kiarabu isiyo na neno moja la kwake.

Mwezi uliopita nilikuwa nashusha mzigo Al-Baghdadiyah, karibu na lile duka la taa. Mwenye duka akanitambua. Akaniambia Mwalimu hatoki siku hizi, magoti yamekataa, na gari limeuzwa likiwa na mkwaruzo kila mlango. Nilikaa ndani ya lori nikimaliza maji yangu. Kisha nikapanda ngazi.

Mlango alinifungulia wifi yake wa Ruwais, aliyehamia kumtunza. Akanionyesha kwa kidole, ndani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenipa mgongo, anatazama nje kama alivyopenda. Upande mmoja wa dirisha ulikuwa wazi, na mabegani amejifunga shali. Matundu yote yalikuwa pale. Hakuwa ameyaziba hata moja, upepo ulikuwa ukipita.

Nilipiga hatua mbili juu ya marumaru. Alikuwa hajageuka. Kwenye kioo cha dirisha nikaona amekwisha kuniona, na miwani yake imeniangalia sawasawa.

"Ni nani huyo angiaye na viatu?" akasema.

Ilikuwa Kimvita, tena cha kwetu Kisauni, na ule ukali uko mahali pake, sijui aliufanyia mazoezi mara ngapi peke yake. Nilishika ukuta, nikavua kiatu kimoja, nikavua cha pili, nikaviweka pamoja mlangoni.

"Ni mie, mama."

Nilisubiri anisahihishe. Hakunisahihisha.